Joto Linapoingia Chumbani kwa Bibi

Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba hadi Machi, mazungumzo ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa hayaishi bila joto kutajwa. Tunalilalamikia kituoni na sokoni, tunajipepea kwa daftari au bahasha, kisha kila mtu anaendelea na shughuli zake, maana joto tumezaliwa nalo. Mazoea hayo ndiyo yanayonitia hofu. Mtu mwenye afya akilalamikia joto, analalamikia usumbufu. Lakini kwa bibi wa miaka 78 anayemeza dawa za presha na kulala chumba cha nyuma chini ya bati tupu, kwa kichanga wa wiki 3, kwa mjamzito aliyekaribia kujifungua, kwa kijana mwenye selimundu, joto lile lile laweza kuua. Na hao ndio wasiolalamika.

Joto lenyewe nalo limebadilika. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko wowote duniani tangu kumbukumbu za vipimo zianze, na Machi ya mwaka huo Sudan Kusini ilifunga shule zake kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Kwetu Pwani namba hazifiki huko. Mchana wa Februari Dar es Salaam kipimo huwa kwenye nyuzi 32 au 33. Kinachotuumiza ni unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi mpaka likauke juu ya ngozi. Hewa iliyojaa mvuke wa bahari hailikaushi, linatiririka bure, na mtu anapoteza maji na chumvi huku mwili ukizidi kupata moto. Moyo unalazimika kwenda mbio ili usukume damu kwenye ngozi. Kijana anazimudu mbio hizo. Moyo wa mzee, au wa mama mjamzito, ambao tayari unafanya kazi ya watu wawili, unachoka.

Mafuriko yakija kila mtu huyaona. Aprili 2024 Tanzania nzima iliona nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti yakiwa ndani ya maji, na misaada ikapelekwa. Joto halibomoi ukuta. Anayekufa kwa joto huandikwa kuwa amekufa kwa presha au kwa moyo, na nyumbani husemwa kwamba siku zake zilikuwa zimefika.

Wafaransa walilijua hili kwa gharama kubwa. Agosti 2003 wimbi la joto liliua watu wapatao 15,000 nchini mwao, wengi wao wazee, na wengi wakiwa majumbani mwao peke yao wakati jamaa zao wapo likizo. Nchi tajiri, yenye hospitali na umeme wa uhakika. Aliyekosekana ni mtu wa kupiga hodi. Baada ya msiba ule manispaa zilianza kuweka daftari la wazee na walemavu wanaoishi peke yao, ili joto likipanda wapigiwe simu au watembelewe.

Tutasema kwamba wazee wetu hawaishi peke yao. Hebu tuangalie vizuri. Nyumba nyingi za Mbagala, Gongo la Mboto au Likoni hubaki bila mtu mzima mwenye nguvu tangu saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku. Mama yuko sokoni, baba yuko kazini, kijana yuko kijiweni na bodaboda yake. Bibi amebaki na mjukuu wa miaka 5, na hesabu za nyumbani zinasema kwamba bibi ndiye anayemwangalia mtoto. Kwa saa zote ambazo joto ni kali zaidi, mzee huyo yuko peke yake sawasawa na yule wa Paris.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao nauweka mbele ya feni, ya maji na ya dawa, ni huu: teueni mtu, na mumpangie saa. Kusema "tutakuwa tunamwangalia" hakutoshi, kwa kuwa jukumu la wote huishia kutofanywa na yeyote. Awe mtu mmoja anayejulikana: binti wa jirani anayerudi kutoka shule mchana, mama mwenye genge hapo nje, mpangaji asiye na kazi ya asubuhi. Aingie chumbani saa 8 mchana, wakati bati limeshapata moto wa kutosha. Na mtu wa nyumbani aingie tena saa 3 usiku, kwa sababu kuta za matofali ya simenti hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha ndani baada ya jua kuzama. Wengi hudhani hatari imekwisha giza likiingia. Mwili uliochoka mchana unahitaji usiku wa kupumzika, na usipoupata siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, ndipo mzee anapoanguka.

Akiingia, asiishie kwenye salamu. Ukimwambia bibi shikamoo, atasema marahaba. Ukimuuliza hujambo, atasema sijambo, hata kama chumba kinamzunguka. Adabu yetu imemfundisha hivyo tangu utotoni. Muulize mambo ambayo hayajibiki kwa heri tupu: tangu asubuhi umekunywa vikombe vingapi? Haja ndogo umekwenda saa ngapi, na mkojo ulikuwa na rangi gani? Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni dalili ya mwili uliokauka. Mguse mkono, mtazame midomo, msikilize maneno yake. Bibi ambaye jana alikuwa anataja majina ya wajukuu wote na leo anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake huenda hajapatwa na uzee wa ghafla. Huenda ni joto.

Kuna jambo ambalo wazee hawalisemi, na akina mama watu wazima hawalisemi kabisa. Wengi wanajinyima maji makusudi. Choo kiko uani, magoti yanauma, usiku ni giza, sakafu inateleza, na hakuna anayetaka kumwamsha mkwe wake saa 8 usiku amshike mkono. Njia rahisi ni kutokunywa chochote baada ya alasiri. Isitoshe, kiu yenyewe hupungua umri unapokwenda, hivyo mwili uliokauka hauwashi tena ile hamu ya maji. Kumhimiza mzee anywe bila kushughulikia choo ni kumtesa. Muwekee ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, taa ndogo ya sola, na kitu cha kushikilia anapoinuka. Mkabidhi jambo hilo mjukuu wa kike au binti ambaye bibi hamwonei haya. Naamini ndoo hiyo inaweza kuokoa zaidi ya katoni ya maji ya chupa.

Kinywaji chenyewe kisiwe adhabu. Maji kidogo kidogo mara nyingi, uji mwepesi, maji ya ndimu, tikiti maji, supu isiyo na chumvi nyingi. Aliyetokwa na jasho jingi au anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pakiti za dukani ni bora zaidi. Lakini mwenye ugonjwa wa figo au moyo ambaye daktari amempimia maji ya kunywa kwa siku asilazimishwe, na madafu, pamoja na uzuri wake, yana madini ya potasiamu ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa. Huyo aulize kliniki mapema, kabla joto halijachachamaa.

Kliniki hiyo hiyo iulizwe kuhusu dawa. Baadhi ya dawa za presha kazi yake ni kumkojoza mtu, na katika joto kali zinaweza kumkausha kupita kiasi. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huzuia jasho kutoka, na wagonjwa hao ni nadra kukumbukwa na yeyote. Tafadhali, mtu asiache dawa kwa sababu amesoma haya; presha isiyodhibitiwa inaua kwa uhakika zaidi. Beba dawa zote ndani ya mfuko, mpelekee daktari au mfamasia, umuulize: katika miezi hii ya joto nibadilishe chochote? Swali hilo moja hufanya kazi kubwa.

Wenye kisukari wana hofu nyingine, ya insulini na friji, hasa umeme unapokatika. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva waliifuatilia hofu hiyo huko Dagahaley, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilikuwa na nguvu ile ile ya iliyokaa kwenye friji. Mtungi wa udongo wenye maji chini, ukiwekwa kivulini penye upepo, na chupa ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, unatosha kwa chupa inayotumika. Isiwekwe dirishani, wala kwenye boksi la pikipiki, na isigande kamwe, iliyoganda itupwe.

Sasa nyumba. Shirika la Afya Duniani hushauri chumba cha mtu dhaifu kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku. Usiku wa Januari Dar es Salaam hewa ya nje yenyewe hukaribia nyuzi 25, kwa hiyo asiye na kiyoyozi hawezi kuifikia namba hiyo. Anachoweza ni kuisogelea, na kila nyuzi moja inayopungua ni nafuu. Bati tupu ndilo adui mkubwa. Dari, hata la mikeka au la mbao nyepesi, likizuia mionzi ya bati, chumba hubadilika. Rangi nyeupe juu ya paa hurudisha sehemu kubwa ya jua angani. Jiji la Ahmedabad nchini India, ambako Mei 2010 joto lilisababisha vifo 1,344 zaidi ya kawaida, lilianzisha mpango wake wa joto mwaka 2013, na kupaka mapaa ya maskini rangi nyeupe kukawa miongoni mwa hatua zake. Kama fedha haitoshi kwa nyumba nzima, anza na chumba cha mzee. Kama hata hicho hakiwezekani, mhamishe. Chumba cha nyuma, ambacho mara nyingi ndicho wanachopewa wazee na mabinti wenye watoto wachanga, ndicho chenye dirisha dogo na upepo haba. Miezi 4 ya kaskazi bibi alale sebuleni, vijana waende nyuma. Nyumba itasongamana, na iwe hivyo.

Pazia la upande wa jua lifungwe asubuhi mapema, madirisha yafunguliwe jioni yatazamane ili upepo upite. Najua wezi na mbu ndio wanaotufungisha. Nondo imara na wavu vina thamani zaidi kuliko vioo vya alumini vya kuteleza, ambavyo hata ukivifungua hukupa nusu ya dirisha. Chandarua kisitupwe. Lowesha kanga, ikamue, mfunike mzee miguu na kifua, kisha feni impepee. Maji yakikauka juu ya ngozi yanafanya kazi ya jasho ambalo mwili wake hauwezi tena kulitoa. Umeme ukikatika, kipepeo cha ukindu na kanga ile ile vinaendelea. Aoge au afutwe mwili kabla ya kulala, na kama anaweza kuinuka, alale chini kwenye godoro jembamba, kwani hewa ya moto hupanda juu. Maji mnayoyaweka akiba kwa ajili ya haya yote yafunikwe vizuri: mbu wa dengi, aliyeisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye mapipa na ndoo zilizo wazi, naye huuma mchana.

Kwa watoto wachanga kosa letu ni la mapenzi. Mtoto wa Februari anavishwa kofia, soksi, nguo mbili na kufungwa blanketi, kisha anafunikwa uso mama akitoka naye juani. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo kweli anahitaji kupashwa joto, na hospitali itawaelekeza. Lakini aliyetimia, katika chumba cha nyuzi 32, anahitaji nguo moja nyepesi na hewa usoni. Chini ya miezi 6 asipewe maji. Anyonye mara nyingi zaidi, na mama yake ndiye apewe maji. Harara shingoni ni onyo la mapema. Utosi uliobonyea, nepi iliyokaa kavu kwa saa nyingi, mtoto anayekuwa mlegevu na kukataa ziwa: hapo msisubiri asubuhi.

Kuhusu wajawazito, mwaka 2020 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 70 kutoka nchi 27, na hitimisho lake ni zito: kila joto lilipoongezeka kwa nyuzi moja, uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati uliongezeka kwa takriban asilimia 5, na wa kuzaa mtoto mfu vivyo hivyo. Nikisoma hayo namfikiria mama wa miezi 8 anayepanga foleni ya maji saa 6 mchana, kisha anainamia jiko la mkaa kwenye kibanda cha bati. Kazi hizo mbili zinaweza kuhamishwa. Maji yachotwe na mume au vijana. Maharage yapikwe alfajiri. Akihisi uchungu kabla ya wakati, mtoto akipunguza kucheza tumboni, au akiumwa kichwa kisichotulia, apelekwe mara moja. Tanzania ina namba ya bure 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga kupitia mfumo wa m-mama.

Miaka hii Ramadhani imeangukia ndani ya kaskazi, na itaendelea kuwamo kwa miaka kadhaa. Nalizungumza kwa heshima, kwa sababu najua uchungu wa mzee aliyefunga miaka 60 akiambiwa mwaka huu aache. Dini yenyewe imempa ruhusa mgonjwa, na wanazuoni wameieleza ruhusa ya mzee asiyeweza na ya mjamzito au anayenyonyesha anayehofia afya. Neno hilo atalipokea kwa imamu wake kuliko kwa mtoto wake, basi mwendeeni imamu kabla mwezi haujaandama. Wenye kufunga wagawe maji kati ya futari na daku badala ya kuyanywa yote kwa mkupuo, wapunguze vya chumvi usiku, na saa za dawa zipangwe na daktari.

Mwenye selimundu asingoje kiu, kwa sababu mwili ukikauka maumivu huja. Shule ziwaruhusu watoto hao kunywa maji darasani na kwenda chooni bila kuomba mara tatu. Wanaofanya kazi nje, wabeba mizigo, mafundi ujenzi, mama lishe, wanahitaji kivuli, maji na mapumziko ya mchana, na wanawake wa sokoni wanahitaji choo cha karibu kisichowatoza kila wanapoingia, maana nao, kama bibi, wanaacha kunywa kwa sababu ya choo.

Na sasa lile ambalo kila mtu nyumbani alijue, hata mtoto wa darasa la 4. Kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi: mtoe kwenye joto, mlaze, mpe maji, mpoze, na kwa kawaida atapata nafuu ndani ya nusu saa. Lakini akianza kuweweseka, kutotambua watu, kupata degedege au kuzimia, na mwili ni wa moto sana, hicho ni kiharusi cha joto na dakika zinahesabika. Joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi, ubongo unaungua. Msianze kumtafutia panadol. Haisaidii hapa na inaweza kuliongezea ini mzigo. Msimfukize wala kumfunika, kama nyumba nyingine zifanyavyo zikiona degedege. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu zote, wekeni vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, alazwe ubavu. Mmoja wenu aite bajaji wakati wengine wanaendelea kummwagia, na ndani ya bajaji muendelee na ndoo na kanga mbichi mpaka mlango wa hospitali. Kupoza ndiyo matibabu, na yanaanzia uani kwenu.

Kuna mambo ambayo nyumba moja haiyawezi. Mwanzoni mwa 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka 5, na Kenya ina wahamasishaji wake wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Wakija kwenu, waulizeni kuhusu joto. Wengi wanabeba maswali ya malaria na chanjo, na wataanza kuuliza kuhusu joto pia wakiona watu wanataka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za vipindi vya joto, na taarifa hiyo inafaa isomwe msikitini, kanisani na kwenye kundi la mtaa la simu kama inavyosomwa ya mvua kubwa. Katika mkutano wa mtaa unaotangulia Desemba, ombeni mambo matatu yawekwe kwenye ajenda: orodha ya wazee, walemavu na wagonjwa wanaobaki peke yao mchana, kwa ridhaa yao; jengo moja lenye dari na upepo (ofisi ya mtaa, madrasa au ukumbi wa kanisa) litakalofunguliwa kuanzia saa 6 mchana hadi saa 11 jioni likiwa na mikeka, maji na choo; na jina na namba ya dereva wa bajaji aliyekubali kuamshwa usiku, pamoja na makubaliano ya nani atamlipa. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti, nyingine kwa mhudumu wa afya, na namba ya dereva ibandikwe nyuma ya mlango wa kila chumba kilichomo kwenye orodha.